Boa mpole kuliko paka: nataka kumfuga hapa Dodoma, nianze na yupi?

#1 Bin Nkuhungu
Wakuu salaam, niende kwenye mada. Mwaka juzi nilikaa Sauzi miezi 5 kwa kazi, nikapanga chumba kwa mzee mmoja ana nyoka aina ya boa, jike, urefu kama mita 2 hivi. Usiku wa kwanza nililala na viatu. Wiki ya tatu naangalia mpira yule nyoka kanilalia mabegani wala sina habari. Miezi yote ile hajawahi hata kunifokea, wakati paka wa jirani hapa Nkuhungu kashanikwaruza mara 3 mwaka huu na sijamkosea kitu. Kwa hiyo mimi nasema, na atakayebisha abishe: boa ni mpole kuliko paka. Sasa nimerudi Dom, nina chumba cha ziada, nimetenga laki 8 za kuanzia. Nichukue jike au dume, mdogo au mkubwa, na hili jua na vumbi letu atalimudu? Wajuzi tiririkeni.

#2 Mnyalukolo
Laki 8 kwa nyoka na hata mche mmoja wa zabibu hujapanda. Naweka kambi hapa.

#3 Bibie wa Area D
Mke yupo kaka? Maana hujamtaja uzi mzima.

#4 Bin Nkuhungu
@Bibie wa Area D yupo. Hajui bado. Turudi kwenye mada.

#5 Mzee wa Hombolo
Mwanangu, mimi nimezaliwa huku huku, nzoka tunamjua. Akiingia ndani ya nyumba watu hawaulizi mpole au mkali, wanauliza nani kamtuma. Wewe unataka kumlipia kodi ya chumba. Mwana wa nyoka ni nyoka.

#6 Ngosha
Mzee shikamoo, ila kwetu Usukumani kuna Bayeye, hao wanacheza ngoma na chatu mkononi tangu enzi za mababu na wajukuu zao wapo. Nyoka anazoeleka. Tatizo lenu Wagogo mmezoea ng'ombe tu.

#7 Mbongo Pretoria
Bin Nkuhungu umenigusa, mimi nafuga hapa Pretoria, ninao 2, dume miaka 9 na jike miaka 6. Nikwambie kwa uzoefu wangu sio vya kusoma. Kwanza usimchukue aliyetoka porini, chukua aliyezaliwa kwa mfugaji, na usichukue kichanga. Watu wanapenda katoto kwa sababu kazuri, lakini katoto ka boa kana hofu, kila kivuli kwake ni tai anakuja, kanafoka na kugonga hovyo. Chukua wa mwaka mmoja na nusu au miwili ambaye tabia yake imeshaonekana. Dume kwa sababu ni mdogo, mara nyingi anaishia mita 1.5 hadi 2, jike anaweza kufika 2.5 au hata 3 na hapo mnahitajika watu wawili kumshika. Ukienda kumwona, mwombe mwenyewe amtoe ndani ya boksi mbele yako, ukiona anavaa gluvu za kuchomelea vyuma ondoka. Akiwa mkononi mwako anatakiwa ajizungushe akushike imara, ulimi unatoka unaingia polepole, macho safi, puani hakuna mapovu, uti wa mgongo usichomoze kama wa ng'ombe wa kiangazi. Halafu waulize anakula nini na mara ya mwisho kala lini, ikiwezekana umwone anakula. Ambaye hali, hata awe mpole kama kondoo, mwache huko huko.

Na jamani boa anaishi miaka 20 hadi 30. Huyo utamwacha kwenye wosia.

#8 Mnyalukolo
Miaka 30?? Mkopo wa nyumba na nyoka vinaisha pamoja.

#9 Mteja wa Sabasaba
Mimi sielewi kitu kimoja, boa si ndio chatu? Chatu huko mabwawani Bahi wapo, wachunga ng'ombe wanawaona, kwa nini uangaike na wa kununua. Kamata mmoja mdogo mlee.

#10 Mganga wa Mifugo
@Mteja wa Sabasaba hapana. Wote wanaua kwa kujizungusha na wote hawana sumu, lakini chatu anataga mayai na kuyaatamia, boa anazaa watoto hai. Chatu wetu akikua anaweza kupita mita 4 na wa porini hana adabu, akikugonga meno yake yamepinda kwa nyuma, ukivuta mkono unajichana mwenyewe. Boa ni wa Marekani ya Kati na Kusini, Kolombia, Brazili huko. Afrika hakuna boa kabisa.

#11 Ticha wa Makulu
Dokta heshima yako, ila hiyo sentensi ya mwisho futa. Madagaska wapo boa, tena wanaojulikana kwa upole, Dumeril, anafanana na majani makavu. Na hapa hapa Afrika Mashariki yupo boa wa mchangani, mnene mfupi, rangi ya chungwa na madoa ya kahawia, kaskazini mwa Tanzania mpaka Kenya na kupanda hadi Misri. Jike hata mita 1 kwa kawaida hafiki, dume nusu yake. Naye anazaa. Anashinda kajifukia mchangani macho tu juu, panya akipita kapita.

#12 Mganga wa Mifugo
Nimekubali Ticha. Nilimaanisha boa wakubwa wale wa kwenye picha. Na Madagaska niliwasahau.

#13 Dada Chamwino
Huyo mfupi mnene mkia butu si ndio ndumilakuwili? Bibi alikuwa anatuambia ana vichwa viwili, mbele na nyuma, ukimwona usimruke.

#14 Ticha wa Makulu
Wengine wanamwita hivyo kwa sababu mkia wake umekatika ghafla unafanana na kichwa. Wengine ndumilakuwili wao ni yule mdogo kama mnyoo mkubwa, kipofu, anayetokea mvua ikinyesha. Vichwa viwili hana hata mmoja wao.

#15 Mzee wa Hombolo
Ticha usimfundishe bibi wa watu. Ndumilakuwili ni yule mdogo mweusi wa kwenye kichuguu, huyo wa chungwa mimi simjui.

#16 Mnyalukolo
Mimi ndumilakuwili ninayemjua ni mjumbe mmoja wa kamati ya harusi yetu.

#17 Mwanasheria Njaa
Wakuu kabla hamjafika mbali. Kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo, na kesi za nyara za serikali huwa zinaunganishwa na uhujumu uchumi, dhamana yake unaijua. Kwa hiyo ushauri wa @Mteja wa Sabasaba wa kukamata chatu Bahi ni ushauri wa kwenda gerezani Isanga. Huyo boa wa nje naye hapandi basi tu. Boa yuko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kiambatisho cha pili, maana yake nchi anayotoka itoe kibali na huku uwe na kibali cha kuingiza na cha kumiliki, pamoja na karatasi za daktari wa mifugo. Yule wa Madagaska ni kiambatisho cha kwanza, huyo sahau. Wizara ya Maliasili ipo hapo hapo Mtumba, panda daladala kaulize kabla hujanunua hata balbu.

#18 Mteja wa Sabasaba
Mimi nilikuwa natania tu jamani.

#19 Bin Nkuhungu
Mwanasheria asante, Mtumba nitakwenda. @Mbongo Pretoria wewe wako hawajawahi kukugonga kabisa?

#20 Mbongo Pretoria
Ngoja niseme ukweli ambao sikutaka kuusema. Yule dume nilimlea miaka 4 bila tatizo, watoto wa jirani wanamshika, fundi wa umeme alishapiga naye picha. Siku moja jioni nafungua kabati lake nibadilishe maji akanigonga kwenye kiganja, akajizungusha mkononi akakaa kama dakika 5. Nilimwagia matone ya pombe kali mdomoni ndio akaachia. Damu kidogo tu, meno madogo mengi kama sindano, nilisafisha kwa sabuni nikaenda kupiga tetenasi. Kesho yake mpole kama zamani. Mpaka leo sijui ilikuwa nini.

#21 Mganga wa Mifugo
Ulikuwa umeshika nini kabla?

#22 Mbongo Pretoria
Hapo ndipo panaponichanganya. Nilikuwa nimetoka kumlisha sungura wa binti yangu, lakini nilinawa.

#23 Mganga wa Mifugo
Basi ni harufu. Nyoka anaonja hewa kwa ulimi, kunawa kwa haraka hakutoshi. Na boa anahisi joto, mkono wako una joto na unanuka sungura, yeye kwake hicho ni chakula, hakukukasirikia. Kuna kugonga kwa hofu, anagonga na kuachia, na kuna kugonga kwa kula, anashika na kukaza. Wako alikuwa anakula.

#24 Wa Ujerumani
Sikubaliani na dokta, au nakubali nusu. Nafuga huku mwaka wa 11. Hiyo inatokea kwa wale wanaolishwa ndani ya kabati lao, mlango ukifunguka yeye anajua chakula. Mimi wangu nawalishia kwenye boksi jingine la plastiki, sijawahi kugongwa.

#25 Mbongo Pretoria
@Wa Ujerumani hiyo nilijaribu, ni balaa zaidi. Unamhamisha akiwa na njaa, halafu unamrudisha akiwa ametoka kula mdomo bado una hamu, ndipo unapogongwa. Na akisumbuliwa ameshiba anatapika. Ninachofanya sasa kabla ya kumshika namgusa ubavuni na kijiti chenye ncha iliyopinda, akiguswa hivyo anajua leo sio chakula, ni kubebwa. Tangu hapo kimya.

#26 Wa Ujerumani
Basi kilichokusaidia ni kijiti, si kwamba boksi halifai.

#27 Ticha wa Makulu
Mmesahau kuuliza ametoka wapi. Boa wa Kolombia wana sifa ya utulivu, baadhi ya wale wa Marekani ya Kati wana sifa ya kufoka, ingawa wapo wadogo wa visiwa vya Cayos Cochinos kule Honduras ambao wafugaji wanawasifu kwa upole. Ukoo nao una sehemu yake.

#28 Mbongo Pretoria
Wa kwangu ni wa Kolombia Ticha.

#29 Ticha wa Makulu
Nimesema sifa, sijasema cheti.

#30 Ngosha
Je alikuwa anajivua gamba? Bayeye wanasema nyoka macho yakiwa na ukungu usimguse.

#31 Mbongo Pretoria
Ngosha unajua hata hilo sikumbuki. Inawezekana. Alijivua kama wiki moja baadaye.

#32 Mnyalukolo
Kumbe kujivua gamba kunaleta hasira. Sasa naelewa mwaka 2011 kwenye chama kile kulikuwa na nini.

#33 Bibie wa Area D
😂😂 Mods msifute hii

#34 Mganga wa Mifugo
Ngosha yuko sahihi na hao Bayeye wako sahihi. Nyoka hana kope, kuna kigamba kwenye jicho kinachovuliwa pamoja na ngozi. Siku chache kabla hajavua jicho linakuwa la bluu bluu, haoni vizuri, ana wasiwasi. Ila kukaza dakika 5 sio wasiwasi, narudi pale pale kwenye sungura.

#35 Mwanasheria Njaa
Halafu mnaosema "mpole" huyu mnyama si ndiye anayevunja mbavu na kuzuia pumzi mpaka ufe?

#36 Ticha wa Makulu
Mbavu havunji kwa makusudi, na pumzi ni hadithi ya zamani. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Dickinson Marekani walipima panya wakiwa wamekazwa na boa, kilichosimama kwanza ni mzunguko wa damu, kwa sekunde chache tu presha inaanguka na ubongo unazima. Na kabla ya hapo walishaonyesha kwamba boa anasikiliza mapigo ya moyo wa panya, moyo ukisimama analegeza. Wewe kilo zako 80 boa wa mita 2 hakuui, ila mtoto mchanga usimwache naye chumba kimoja hata kwa dakika.

#37 Bin Nkuhungu
Hapo kwenye mtoto nimeelewa, mdogo wangu wa mwisho ana miaka 3 na anashinda kwangu. Sasa turudi Dodoma. Baridi ya mwezi wa sita na vumbi la mwezi wa tisa vipi?

#38 Mganga wa Mifugo
Nilikuwa nasubiri hili. Joto la mchana Dodoma halina shida sana, shida ni mbili. Moja usiku wa mwezi wa sita na wa saba, kunashuka mpaka nyuzi 13, 14, hapo boa hawezi kumeng'enya chakula, chakula kinaozea tumboni anatapika, na kifua kinaingia, utamsikia anakoroma na kupanua mdomo. Upande mmoja wa kabati uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27 ili achague mwenyewe. Hita lazima iwe na kifaa cha kujizima, la sivyo unambanika. Nishamtibu kobe wa mtu aliyewekewa balbu ya vifaranga bila kipimo, mgongo wote ulikuwa umeungua, na mwenye kobe anashangaa eti si aliona mwenyewe joto limezidi angeondoka. Reptilia wengi hawaondoki kwenye joto lililozidi mpaka wameshaungua. Weka balbu nje ya wavu, asiifikie kujizungusha.

Mbili ni ukavu. Boa anataka unyevunyevu hewani kama asilimia 60 hadi 70. Sisi mvua zetu Desemba hadi Aprili, baada ya hapo midomo yetu wenyewe inapasuka. Ngozi itatoka vipande vipande, itabaki kwenye ncha ya mkia na kwenye macho, ncha ya mkia ikibanwa na ngozi kavu inakufa. Usivute kwa mkono. Muweke kwenye ndoo yenye taulo lililoloanishwa maji ya uvuguvugu, itoke yenyewe.

#39 Dada Chamwino
Kwa hiyo mtungi wa udongo je? Nyumbani tunaweka maji humo yanakuwa baridi, na udongo wake unatoka jasho.

#40 Wa Ujerumani
Dada umeniacha hoi, mimi huku nimenunua maficho ya plastiki kwa euro. Chungu kikubwa kilichokatwa mlango ubavuni na nyasi zilizoloanishwa ndani, hicho ndicho. Kiwe upande wa joto. Ila kisiwe kipana sana, anapenda ajibane kila upande akigusa ukuta, nyoka aliyebanwa vizuri ndiye mpole. Wengi mnaosema mkali ni nyoka ambaye hana pa kujificha.

#41 Mganga wa Mifugo
Chungu sawa, ila hewa ipite. Unyevu bila hewa unaleta vidonda kwenye ngozi ya tumboni, magamba ya chini yanakuwa mekundu yanaoza.

#42 Mteja wa Sabasaba
Na umeme ukikatika usiku kucha mwezi wa saba?

#43 Mbongo Pretoria
Chupa za maji ya moto zimefungwa kwenye tambara, na blanketi juu ya kabati. Nimefanya hivyo sana huku, enzi za mgao sisi ndio tulikuwa wenyewe. Na siku ya kumlisha angalia kama umeme una dalili za kukaa.

#44 Bin Nkuhungu
Chakula sasa. Panya wapo wa kumwaga, nyumba nzima.

#45 Mganga wa Mifugo
Hapana hapana hapana. Panya wa nyumbani keshakula sumu ya jirani, nyoka akimla na yeye anaondoka. Fuga panya weupe au simbilisi mwenyewe, simbilisi wanazaana vizuri tu kwa majani. Muue kwanza, usimtupie mzima, panya mzima anamng'ata nyoka mpaka mfupa. Unene wa mawindo usizidi sehemu nene ya nyoka. Mdogo kila siku 7 hadi 14, mkubwa kila wiki 2 hadi 4, na baada ya kula siku 2 usimshike. Akitapika mwache kama wiki 2 kisha mpe kidogo.

#46 Mnyalukolo
Subirini, simbilisi?? Mimi huyo nakula mwenyewe, wa kukaanga. Nyoka atanikuta sahani moja.

#47 Ngosha
Mnyalukolo wewe na mbwa na simbilisi, hakuna kinachopona huko Iringa.

#48 Mnyalukolo
Mbwa ni propaganda.

#49 Dada Chamwino
Uzi wa nyoka umekuwa wa mapishi.

#50 Wa Ujerumani
Kabla sijasahau, utitiri. Ni ndugu wa ule wa kuku. Ukiona vidoti vyeusi vinaelea kwenye bakuli la maji na nyoka anashinda majini, tayari. Nyoka mpya akae chumba cha peke yake angalau miezi 3 kama una mwingine. Boa wana ugonjwa wao wa virusi, nyoka anaanza kutazama juu kama anahesabu nyota, anashindwa kujigeuza ukimlaza chali, dawa hakuna. Nilipoteza 2 mwaka mmoja. Walikuwa wapole mno wiki za mwisho, nilidhani wamenizoea.

#51 Mbongo Pretoria
Pole sana mkuu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniogopesha, nyoka anayelegea mtu anamwita mpole.

#52 Bin Nkuhungu
Pole Mjerumani. Wakuu, taarifa: mke kasoma uzi. Nilisahau kompyuta wazi.

#53 Bibie wa Area D
Na?

#54 Bin Nkuhungu
Kasema maneno mawili, mimi au yeye. Halafu akarudi baadaye akauliza huyo wa mchangani anakaa sentimita ngapi.

#55 Ticha wa Makulu
Huyo ni wa hapa hapa kwa hiyo kibali ndio kabisa, usimchimbe. Ila hapo mke kashafungua mlango.

#56 Mwanasheria Njaa
Mtumba kwanza. Mlango wa mke baadaye.

#57 Mzee wa Hombolo
Huyo wa rangi ya chungwa mnayemsema, kuna kitu kipo hapa shambani sasa hivi karibu na mihogo, kinene, kifupi, mkia kama kichwa. Vijana wameshika mawe.

#58 Ticha wa Makulu
MZEE WASIMPIGE. Hana sumu. Mpige picha tafadhali, nitakuomba kwa magoti.

#59 Mganga wa Mifugo
Ticha asikudanganye mzee, angalia kwanza kwa mbali, kifutu mdogo naye ni mnene mfupi na huyo anaua. Kichwa kikiwa cha pembe tatu kimejitenga na shingo rudini nyuma wote.

#60 Mzee wa Hombolo
Nimefuata simu kwa mjukuu. Nimerudi hayupo, mchanga tu. Vijana nao wamekataa kuvuna mihogo leo.